Visigino Chini ya Mlango

Tukuyu, jioni ya kuamkia safari yako

Baba,

Umetoka kwenda kuaga wenzako na mvua imekufungia huko, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kupita nyuma yangu ukichungulia. Begi nimeshalifunga. Ndani nimetia sweta utakalolikana ukifika Dar, na ndizi utakazozionea aibu mpaka Makambako, njaa itakapokufundisha adabu. Mambo ya kufua, kula na kusali siyaandiki. Yaliyoshindwa kukuingia miaka yote hii kwa mdomo hayatakuingia leo kwa kalamu.

Nataka kukuandikia habari za chumba.

Tangu chuo kilipotoa majina ya waliopata hosteli na lako likakosekana, umekuwa ukiishi ndani ya simu pamoja na yule dalali wako. Nasikia kila kitu. Nyumba ya mabanzi haina siri. Changanyikeni kuna kimoja lakini choo kiko nje. Msewe kuna kingine lakini mwenye nyumba anafunga geti mapema. Makongo kuna master, choo ndani, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na hicho ndicho kilichokupendeza, maana dalali amekwambia kina mlango wake peke yake na hakuna mtu wa kukusumbua. Neno hilo umelirudia kwa wenzako wote kama mtu aliyeokoka juzi. Hakuna mtu wa kunisumbua.

Sina ugomvi na choo cha ndani. Mimi nimewahi kupanga foleni asubuhi na ndoo yangu nyuma ya watu saba, aliye mbele yangu akiwa na tumbo la kuendesha, na sitakudanganya kwamba kulinijenga. Wala sina la kukufundisha kuhusu madalali, ila akikwambia hapa maji hayakatiki, mwambie afungue bomba.

Ugomvi wangu ni wa Jumapili iliyopita.

Tulikwenda Ikuti kumuaga bibi yako, mama yake baba yako. Alikuchinjia kuku. Ulipokuwa unakula alikuambia kwamba daktari amemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dar mwezi ujao kwa ajili ya macho, akakuuliza kama anaweza kulala kwako siku mbili tatu. Aliuliza akitazama mikono yake, kama msichana anayeomba ruhusa. Na wewe ukacheka. Ukamwambia, "Bibi, vyumba vya wanafunzi ni vya mtu mmoja. Mwenye nyumba hataki wageni."

Akajibu, "Ndaga," kama tunavyojibu sisi kila kitu, hata tukinyimwa tunashukuru, kisha akakuongezea paja la kuku.

Mwenye nyumba yupi, baba? Mpaka jioni hii hujalipa chumba chochote. Huna mwenye nyumba. Ulimtunga palepale, na mfupa wa kuku mkononi.

Sikukukemea pale mezani, na baba yako alidhani nimekuunga mkono. Ukweli ni kwamba nilishtuka. Uliusema uongo ule vizuri sana, haraka, kwa upole, bila kumeza mate, na niliutambua kwa sababu ni wangu. Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Leo nyoka mwenyewe anakuandikia.

Mimi na baba yako tulioana mapema, kabla ya yeyote kati yetu kumaliza masomo. Mimi nilikuwa nasomea ualimu Dar, yeye anasomea upimaji wa ardhi, na tulipanga chumba Mabibo. Ilikuwa nyumba ya korido, vyumba vinne huku na vinne kule, choo na bomba viko uani. Mlango mmoja ulitokea barabarani na mwingine ulitokea uani. Ukumbuke huo mlango wa uani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, tukimwita Mama Zuhura. Mchana alikuwa akikaa koridoni kwenye mkeka akichambua mchele na kutuhesabu tunavyoingia na kutoka.

Nilikipenda chumba kile kupita kiasi. Kwetu Masukulu nililala kitanda kimoja na dada zangu watatu, nikaolewa, nikalala kwenye nyumba ya watu. Mabibo ndipo niliposhika ufunguo wangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nauvaa shingoni hata nikiwa ndani. Kwa hiyo usidhani sikuelewi unaposema habari za mlango wako peke yako. Nakuelewa vibaya sana.

Mila yetu unaijua, ingawa ninyi mnaichukulia kama kichekesho cha bibi. Mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke anapisha, anaingia migombani, anageuka mgongo mpaka mzee apite. Hawasemeshani, na jina la mzee mwanamke halitaji. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili na sikuwa nimemwona babu yako usoni hata mara moja. Nilijua kikohozi chake tu.

Mwaka huo babu yako alipata kidonda mguuni, kikakataa kupona. Hospitali ya hapa Tukuyu wakamwandikia barua ya kwenda Dar. Baba yako alikuwa Morogoro kwenye mafunzo, akanitumia ujumbe kwamba mzee atafika Alhamisi. Mipango aliipanga vizuri: mimi nikabebwe hosteli na rafiki yangu, ndiyo, hata sisi tulikuwa tunabebwa, wawili kitanda kimoja, ufunguo nimwachie Mama Zuhura, yeye mwenyewe angefika Jumamosi ampeleke mzee hospitali. Nilikubali. Mila isingevunjwa na mtu yeyote asingeumia. Kilichotakiwa kwangu ni kubeba mfuko na kutoka.

Alhamisi ile sikutoka.

Ningependa kukuambia nilikuwa na mtihani. Sikuwa nao. Nilikuwa nimefua mashuka. Yalikuwa mapya, meupe, yenye maua ya bluu pembeni, zawadi ya harusi niliyokuwa nimeitunza. Nilikaa kitandani na mfuko wangu mapajani nikafikiria mguu ule juu ya mashuka yale. Kila aliyetoka nyumbani alikuwa akisimulia harufu ya kile kidonda. Nikasema ngoja kidogo. Nikasema tena ngoja kidogo. Usitafute sababu nyingine kubwa zaidi, nimeitafuta miaka yote hii na haipo. Ni mashuka.

Alifika kama saa nne asubuhi. Mama Zuhura alikuwa ameenda sokoni na wapangaji wengine walikuwa kazini. Nilisikia fimbo yake koridoni, kisha akabisha. Mara moja. Redio yangu ilikuwa ikiimba chini chini, nami nikanyoosha mkono nikaizima. Ndivyo alivyojua kwamba mtu yumo.

Nililala chini kifudifudi nikachungulia. Mlango ule ulikuwa na mwanya chini, panya alipita bila kuinama. Nikaona visigino. Sikuona vidole, niliona visigino, kimoja kikiwa ndani ya kandambili ya tairi, kikavu kimepasuka, kingine kikiwa kimefungwa kipande cha khanga chenye madoa. Mzee alikuwa ameupa mlango mgongo.

Nilielewa palepale. Alikuwa ameshatimiza sehemu yake. Alijua ndani yupo mkwe wake, akageuka ukutani ili nifungue, nipite nyuma yake, nishike mlango wa uani niondoke, yeye asinione nami nisimwone. Hatua tano, sita. Mtu aliyesafiri kutwa kucha na mguu uliooza alikumbuka kunigeukia, na mimi niliyefundishwa na mama yangu tangu sijaota matiti nilibaki nimelala sakafuni nikimtazama visigino.

Akasema neno. Hakunisemesha mimi, hakuruhusiwa. Aliuambia ukuta uliokuwa mbele yake. Alisema kwa Kinyakyusa, taratibu, "Mimi sikuja kumtazama mtu. Nimekuja kwa ajili ya mguu."

Sikujibu. Kwa mila sikutakiwa kujibu, na nilishukuru kuwa na mila siku ile kuliko nilivyowahi kushukuru. Alisimama mpaka fimbo ikaanza kutetemeka. Halafu akakaa chini, bado amenipa mgongo, akanyoosha mguu. Harufu ikaingia kwa chini ya mlango, na mimi, Mungu anajua, nikachukua taulo nikaziba ule mwanya.

Mama Zuhura alirudi adhuhuri. Nilimsikia akimwamkia, akimletea maji, kisha uji. Baadaye akazunguka uani, akaja dirishani kwangu. Akaniuliza kama najua kwamba mkwe wangu mgonjwa yuko sakafuni. Nikamnong'oneza kwa sauti ya kikanisa kwamba kwetu mkwe haonani na baba mkwe, ni mwiko mkubwa.

Alinitazama kupitia wavu. Akasema, "Sasa si utoke wewe?"

Yule mama hakuwahi kufika kwetu Rungwe. Hajui Kinyakyusa hata neno la salamu. Kwa swali moja aliielewa mila yetu kuliko mimi. Mwiko ulikuwa unanitaka mimi nitoke, haukumtaka yeye abaki nje. Nikamwambia nina homa. Akarudi koridoni. Alimbembeleza babu yako aingie sebuleni kwake alale, mzee akakataa, nyumba ya mjane isiyo na mwanamume ndani asingeweza. Alasiri nikamsikia akiuliza njia ya kurudi Ubungo. Alilala kituo cha mabasi na asubuhi akapanda gari la kurudi nyumbani. Hospitali hakufika. Barua ya daktari ilirudi mfukoni mwake ikiwa imekunjwa vilevile.

Baba yako nilimwambia nilikuwa na homa kali sikuweza kuinuka. Aliniamini. Aliniletea maziwa na machungwa, nikayala. Mpaka watu walipopanga safari ya pili, mguu ulikuwa umeshaharibika. Waliukata Mbeya, na masika yaliyofuata alikufa.

Ningevumilia kama angenilaani. Unajua alichofanya? Aliporudi Ikuti aliwaambia watu kwamba alifika salama, akamkuta mkwe wake yuko peke yake, na yule binti, hata huko Dar ambako watu wamesahau kwao, alijificha akanyamaza mpaka mwisho. Akanisifu kwa majirani. Wazee wakawaambia binti zao wanitazame mimi. Nilipokuja likizo wanawake walinipisha kisimani.

Mpaka leo sijui kama aliamini alichokuwa akikisema au alinifunika. Na alipoona hatapona, akaamuru nipewe mtamba. Hiyo nayo ni mila: baba mkwe akimpa mkwe wake zawadi, kujificha kunaisha, mwanamke anaruhusiwa kuingia, kumwamkia, kumpa maji kwa mkono wake. Alitaka nikamwamkie kabla hajafa. Mtamba nilimpokea. Nikatuma salamu kwamba nitakuja likizo. Likizo ilipofika nilikwenda Masukulu kwa mama yangu, nikasema anaumwa mgongo, nikakaa wiki ya kwanza, nikakaa ya pili. Nilikuwa naogopa nikiingia atanitazama, na nikimwona macho yake nitajua kama anajua. Alikufa katika wiki ya tatu, akiwa ameshaniruhusu.

Ile picha ya sebuleni wewe ukiitazama unamwona babu yako. Mimi naona mzee nisiyemfahamu. Ninachokijua kwake ni visigino viwili.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata ukapewa jina lake. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini kila mtu anakuita kwa jina lako isipokuwa mimi, nami nakuita Baba. Ni kwa sababu jina lako ni lake na mimi hainipasi kulitaja. Ona uhodari wangu: sehemu ya mila isiyogharimu kitu nimeishika miaka ishirini bila kukosea hata usingizini. Akina mama kanisani bado wananisifu.

Sasa usije ukafikiri nakuomba uwe mtakatifu. Wageni ni mzigo. Wanakoroma, wanamaliza sabuni, wanakuuliza unaoa lini. Ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilitungwa na mgeni. Kuna watu watakaobisha hapo Makongo na utakuwa na haki ya kuwakatalia, wakiwemo ndugu zangu, na baadhi yao nitakusaidia kuwakatalia. Lakini ukikataa, kataa kwa mdomo wako. Sema, Bibi, sitaki. Akasirike, akulilie, amwambie baba yako, akunyime kuku mwaka mzima. Nilipojificha nyuma ya mila nilimnyima mzee kitanda na nikamnyima hata nafasi ya kunikasirikia. Hilo la pili ndilo linaloniamsha usingizini. Mimi nilikuwa na mila. Wewe una mwenye nyumba, na kwa kuwa mwenye nyumba wako hayupo, umenishinda.

Kuna jambo moja hujaambiwa. Yule mtamba alifugwa Ikuti kwa bibi yako. Akazaa, na mtoto wake akazaa, na maziwa uliyokulia ni ya ukoo huo. Yule wa mwisho, mwekundu mwenye pembe moja, uliyekuwa ukimpanda ukiwa darasa la pili, Alhamisi hii bibi yako alimfungua mwenyewe zizini akampeleka kwa mnunuzi. Alikwenda ameshika mkia, maana njia haioni vizuri. Siku nne baada ya wewe kumwambia mwenye nyumba hataki wageni. Nilimsihi asiuze. Akasema, "Auzwe. Kijana apate chumba kizuri." Halafu akaniuliza kama Makongo ni mbali na hospitali.

Kwa hiyo chumba chako cha mtu mmoja kitalipwa na ng'ombe niliyepewa kwa kufunga mlango. Ukipige rangi unayotaka.

Nimekuwa mkatili kukuandikia haya usiku wa kuamkia safari, najua. Ningeweza kungoja. Nimengoja miaka ishirini, na faida ya kungoja niliiona Jumapili. Baba yako hajui habari hii. Sasa tunaijua watu wawili, na kama utamwambia sitakuzuia. Usinipigie simu kutoka kwenye basi. Sitaki uniambie kwamba umenisamehe, si wewe wa kunisamehe, na sitaki uniahidi kitu, maana hata ahadi yangu ya kutoka Alhamisi ile ilikuwa nzuri sana.

Mwezi ujao nitamleta bibi yako Dar. Siku sikuambii. Nitamwongoza kwa mkono mpaka mlangoni kwako, na hapo nitamwachia. Atabisha mara moja, maana kwao hawabishi mara mbili.

Mimi nitakuwa hapohapo nyuma yake, nimekupa mgongo, nisione utakachofanya. Ukilala chini ukachungulia, utaona visigino vyangu.

Ni mimi mama yako